Ninafanyia Kazi Nyumbani na Mke Wangu Anapasuliwa Goti: Nijipange Vipi?

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, mimi ni mhasibu wa kampuni, na kazi zangu zote ninazifanyia nyumbani, Tabata, Dar es Salaam. Mwezi ujao mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, atafanyiwa upasuaji mdogo wa goti kwa njia ya kamera kwa sababu gegedu la goti limechanika. Daktari ametueleza kwamba lisipotokea tatizo atarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mkuu wangu wa kazi anasema kwa kuwa nipo nyumbani sihitaji likizo. Mama mkwe amejitolea kuja kutoka Morogoro, lakini naona aibu kumsumbua ilhali mimi mwenyewe nipo. Tunaishi ghorofa ya kwanza, choo chetu ni cha kuchuchumaa, na kila siku saa tatu asubuhi nina kikao cha mtandaoni. Naomba ushauri. (Msomaji, Tabata)

JIBU: Ndugu msomaji, mkuu wako wa kazi hajakutendea haki, ingawa pengine hakukusudia. Ukiwa kwenye kikao, umevaa vipokea sauti na unajibu maswali ya hesabu, hutamsikia mkeo akiita kutoka chumbani. Naye akishaona umezama kazini atajizuia kuita, atainuka mwenyewe kwenda chooni, na hapo ndipo wagonjwa wa goti wanapoanguka. Kwa hiyo omba likizo, japo ya siku tatu kuanzia siku ya upasuaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka siku 4 zenye malipo kwa mfanyakazi anayeuguza mtoto au aliyefiwa na jamaa wa karibu, lakini ugonjwa wa mwenzi haukutajwa humo, na kwa maoni yangu hilo ni pengo linaloumiza familia nyingi. Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, inakupa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28, nawe unaweza kukubaliana na mwajiri akumegee chache kutoka humo. Andika barua mapema, usingoje wiki yenyewe.

Kabla ya yote, muulizeni daktari kama gegedu litapunguzwa au litashonwa, kwa maana muda wa kuuguza unategemea jibu hilo. Likipunguzwa tu sehemu iliyochanika, wagonjwa wengi hukanyaga kwa msaada wa magongo tangu siku za kwanza na huyaacha baada ya siku chache, ingawa kusimama darasani kutwa nzima huhitaji wiki kadhaa. Likishonwa, mgonjwa huweza kuzuiwa kuliegemeza goti uzito wote kwa wiki 4 hadi 6, na goti hukaa miezi kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuchuchumaa. Madaktari wakati mwingine huamua wakiwa tayari wameliona gegedu kwa kamera, hivyo jiandaeni kwa yote mawili.

Choo cha kuchuchumaa ndilo jambo la kutatua kwanza katika nyumba yako. Fundi seremala anaweza kukutengenezea kiti imara chenye tundu katikati na mikono ya kushikia, kikawekwa juu ya choo. Akijaribu kukikalia kabla ya upasuaji mtajua kama kimo chake kinamfaa. Toa mikeka na mazulia yanayoteleza njiani, na sakafu ya bafu ikaushwe kila baada ya kuoga. Kuhusu ngazi, mfanyieni mazoezi mapema: akipanda, mguu mzima hutangulia, akishuka, magongo na mguu uliopasuliwa hutangulia, nawe ukiwa ngazi moja chini yake. Siku ya kutoka hospitali tafuta gari ambalo ataweza kuunyoosha mguu kwenye kiti cha nyuma, kwa sababu ndani ya bajaji atalazimika kulikunja goti njia nzima.

Saa 24 za mwanzo asiachwe peke yake, kwani dawa ya usingizi au ganzi ya mgongoni huweza kumwacha na kizunguzungu. Akilala, mto uwekwe chini ya kisigino na shavu la mguu, mguu ukiwa umeinuliwa. Ndugu wengi kwa huruma huweka mto chini ya goti lenyewe kwa sababu mgonjwa hujisikia nafuu, lakini goti likizoea kukaa limekunjwa, kulinyoosha baadaye huwa kazi kubwa. Barafu ifungwe ndani ya kipande cha khanga, iwekwe dakika 15 hadi 20 kisha iondolewe, mara kadhaa kwa siku, bila kulowesha bendeji. Dawa za maumivu ziandikwe kwenye karatasi pamoja na saa alizomeza. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya paracetamol vya miligramu 500 kwa saa 24, na dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamol ndani yake. Kama ana vidonda vya tumbo, daktari aambiwe kabla hajaandika diclofenac.

Ukirudi kazini, panga siku yako kwa kufuata mazoezi aliyopewa na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu maumivu yakishapungua mgonjwa na mwuguzaji wake huyaacha bila kujua, na msuli wa paja husinyaa upesi. Mengi ni mafupi: kukaza paja huku goti limenyooka, kuinua mguu mzima ulionyooka, kupandisha na kushusha kifundo cha mguu. Yafanyeni kabla ya kikao cha saa tatu, tena wakati wa chakula cha mchana, tena jioni. Wakati wa kikao awe na maji, simu na magongo karibu, na mkubaliane kwamba akikupigia utaondoka kikaoni bila kuomba radhi kwa yeyote.

Mama mkwe mkaribishe kwa moyo mweupe. Kuna mambo, kama kuogeshwa, ambayo mkeo huenda akapenda kufanyiwa na mama yake, na si haki kumnyima kwa ajili ya aibu yako. Ila jiko usimwachie mama huyo peke yake. Ukipika na kuwaandaa watoto, kama mnao, mkeo atatulia kitandani. Akisikia sufuria zinaungua na mama yake anahangaika, atainuka tu, hata daktari akimkataza.

Mwisho, namba ya simu ya hospitali iandikwe mahali ambapo nyote mtaiona. Shavu la mguu likivimba, likiuma na kuwa la moto, hiyo huweza kuwa dalili ya damu kuganda ndani ya mshipa. Homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, usaha, au damu isiyokoma ni sababu ya kumrudisha hospitali bila kungoja miadi ya kutoa nyuzi. Akibanwa na pumzi au akiumwa kifua ghafla, mpeleke kitengo cha dharura saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.