Goli likifungwa, mimi naona migongo

SWALI: Natumia kiti cha magurudumu na klabu yangu imenitengea nafasi chini kabisa, karibu na uwanja. Mpira ukipoa naona vizuri. Likinukia goli, wote walio mbele yangu husimama, nabaki kusikia kelele tu. Nikilalamika naambiwa nishukuru nimepata tiketi. Nidai nini?

JIBU: Ushukuru kwa lipi, na tiketi umeilipia? Hata mimi hukaa kwenye kiti kama hicho, na migongo ya mashabiki naijua kuliko sura za wachezaji. Dai jukwaa lililoinuliwa hadi macho yako yapite juu ya vichwa vya watu waliosimama. Hapo ndipo klabu nyingi huchemsha: fundi hupima uwanja ukiwa mtupu. Mwambie msimamizi akae usawa wako, wenzake wasimame mbele yake. Dakika moja inatosha. Pembeni pawe na kiti cha msindikizaji wako. Choo kikague mapema, maana mara nyingi kipo ila kimegeuzwa stoo ya ndoo na mafagio.

Andika barua, utaje Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, inayotaka viwanja vya michezo vifikike. Na kama una rafiki asiyeona, ombeni pia mtangazaji wa kumsimulia mchezo kwa visikilizio humo humo uwanjani. Matangazo ya kawaida huchelewa: uwanja umeshalipuka, yeye bado anasikia kona inapigwa.