Dogo usiuze hao majike, mimi niliuza 2014

Mleta uzi nimekusoma mara mbili, ya pili nimesimama. Yani mzee kakugawia ng'ombe 28, diploma ya mifugo unayo, kazi ya mkataba Dodoma umepata, halafu kuna mtu kakushauri uuze hao wote ununue mitamba 5 ya Friesian (wale ng'ombe wa kisasa wa maziwa) wenye mimba, na wewe badala ya kumfukuza unatuuliza lori la kuwabebea kutoka Arusha linakodishwa bei gani? Usiite lori. Simu weka chini kabisa.

Mimi ndo wewe, ila mimi huko unakokwenda nimeshafika na nimerudi kwa miguu.

Nimezaliwa Kiteto kwenye boma la mzee. Nimeanza na ndama nikiwa na miaka 6, wale wanaochungwa karibu na nyumba, nikapandishwa cheo nikapewa mbuzi, nikapandishwa tena nikapewa ng'ombe, na hivyo ndo vyeo pekee maishani nilivyopanda bila kuandika barua. Shule nikaenda, nikasoma mifugo mpaka diploma kama wewe. 2014 nikarudi nyumbani na cheti kwenye bahasha, mzee akaniita zizini jioni ng'ombe wanarudi, akanionyesha wa kwangu mmoja mmoja: huyu ulihesabiwa ulipozaliwa, huyu ulipotahiriwa, hawa uzao wao. Jumla 31. Majike 20, waliobaki madume na maksai. Akasema sentensi moja tu, "ukitaka hela uza dume." Nikaitikia eeh kwa heshima zote, huku moyoni namwona mzee wa watu amepitwa na wakati.

Sababu wiki mbili kabla nilikuwa nimetoka semina.

Semina ya siku moja, Arusha, kiingilio elfu 50, chai na sambusa mbili (nilizihesabu, maana nilizililia baadaye). Jamaa kavaa suti ya bluu, kiatu kimechongoka kama sindano ya kuchomea ng'ombe, ana projekta. Akaandika ukutani: ng'ombe 5 mara lita 20 mara shilingi 1,000 mara siku 30, jibu milioni 3 kwa mwezi. Ukumbi mzima makofi, mimi nilipiga makofi mpaka kwa miguu. Akasema ng'ombe wa asili 30 ni mzigo, anakupa lita moja na kidogo, anakula nchi nzima, geuza wote wawe wachache wa kisasa uone maisha. Nikamfuata mlangoni nikachukua namba yake. Sasa wewe ulivyoandika "mshauri wangu kanipigia hesabu, inakuja milioni 3 kwa mwezi" mimi nywele zilisimama, sijui kama ni yule yule au wanafundishana.

Zile hesabu nimezirudia sana usiku nikiwa mlinzi kwenye geti la watu Dar, na nakwambia ziko sahihi. Kuzidisha alijua. Ila humo ndani hakuna pumba, hakuna mashudu, hakuna ile miezi miwili ya kumkausha ng'ombe kabla hajazaa, hakuna mtamba ambaye bado hajazaa anakula kila siku na hatoi hata tone, hakuna mtu wa kununua hayo maziwa. Na kupe hayumo. Excel haina kupe.

Basi bwana, nikaswaga minadani. Mwezi mmoja nikawamaliza 30. Wa 31 hakutoka kwa sababu ya mama, yule jike mwekundu mwenye baka jeupe kiweleni alikuwa anakamuliwa na yeyo (ndo mama kwa Kimasai) mwenyewe, akasimama mlangoni pa zizi na kibuyu chake akasema huyu hatoki. Nikaona nisichelewe mnada kwa ajili ya ng'ombe mmoja, nikamwachia. Kumbuka huyo ng'ombe.

Nikapata milioni 14 na laki moja. Sijawahi kushika hela kama ile na sijashika tena. Mitamba 5 kutoka mteremko wa Meru, milioni 10 na nusu. Lori laki 7 na nusu. Banda la bati na sakafu ya saruji milioni 1.9, maana ng'ombe wa suti haruhusiwi kulala kwenye mavi. Ikabaki laki 9 na nusu nikaiita "mtaji wa uendeshaji".

Walikuwa wazuri lakini, siwezi kudanganya. Wanene, weusi na weupe, na wana majina, mmoja anaitwa Suzi. Watoto wa maboma ya jirani wakaja kuwaangalia kama wamekuja watalii. Kutembea malishoni hawajui, wamezoea kuletewa majani mdomoni, ukiwafungulia wanasimama wanakutazama kama wanasubiri menyu.

Siku ya 19 Suzi akaacha kula. Joto 41. Nikajiambia ni uchovu wa safari, amebadilisha hali ya hewa, atazoea. Kesho yake macho yanatoa machozi. Mzee akapita, hakuuliza kitu, akaingiza vidole chini ya sikio la Suzi akabonyeza. Na mimi nikabonyeza. Tezi limevimba, gumu, kama yai la kanga chini ya ngozi, na juu yake ndani ya sikio kupe wa kahawia watatu wamejipanga. Mzee akasema neno moja, "oltikana", akaenda kukaa chini ya mti wake. Hakunigombeza. Bora angenichapa fimbo.

Oltikana ndo ndigana kali, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Na hapa huwa najicheka ili nisilie, kwa sababu mimi ndigana kali nimeisomea dogo! Kwenye mtihani niliandika jina la kimelea chake, Theileria parva, bila kukosea herufi, nikaandika na jina zima la kupe, Rhipicephalus appendiculatus, nikapata A. Kupe hakuomba kuona cheti.

Ishu iko hivi, na wewe umefundishwa ila nakukumbusha kwa sababu darasani haiumi. Hawa wetu wanazaliwa kwenye kupe. Ndama wanaugua, wengine wanakufa, anayepona amepona, mwili umeshaujua ugonjwa. Sasa yule aliyekulia bandani mlimani anakatiwa majani, kupe kamsikia kwenye hadithi. Unamshusha kwenye lori kwenye nyika ya watu, mkubwa, mwili haujui chochote, ana mimba juu. Umemleta kafara.

Chanjo ipo, ile ya kumchoma vimelea hai na oxytetracycline ya muda mrefu siku hiyo hiyo, anapata kinga ya maisha na anavishwa hereni. Wamasai wa kaskazini wameitumia tangu miaka ya 1990 mwishoni, sio kitu kigeni. Ila inatunzwa kwenye mtungi wa naitrojeni, ikishayeyushwa lazima iishe siku hiyo, na dozi ya mrija mmoja ni ya ng'ombe wengi, kwa hiyo mchanjaji anataka mjikusanye kijiji, haji kwa watano wa mtu mmoja. Kabla ya kununua nilimpigia mshauri wa suti nikamuuliza hilo hilo, nina ushahidi wa vocha. Akanijibu "achana na hayo, ogesha kila wiki inatosha." Nikaogesha. Wakafa wasafi.

Dawa ya kutibu inafanya kazi ukiwahi, mimi sikuwahi, duka lenye buparvaquone lilikuwa zaidi ya kilomita 60 na pikipiki ya kuazima, nimeipata siku ya nne. Nimekuta povu jeupe linatoka puani, anahema mbavu zinapanda kama amekimbizwa na simba. Amekufa alfajiri na ndama wa miezi saba tumboni. Baada ya siku 9 akafuata wa pili. Wa tatu nilimwahi, nikamchoma, nikalala naye bandani, naye akafa tu, nadhani kunikomoa. Wa nne alipona akatupa mimba. Wa tano akazaa. Shangwe. Nikaleta ndoo ya lita 20 kama nilivyofundishwa. Lita 7.

Na hizo 7 nazo nimuuzie nani? Hilo ndo swali ambalo ukumbi mzima wa makofi hakuna aliyeuliza. Niko katikati ya Wamasai, kila nyumba ina vibuyu, kumuuzia Mmasai maziwa ni kama kuingia Uvinza na gunia la chumvi begani. Mjini kilomita 22 za vumbi, boda akifika yameshaganda, analipwa yeye nauli mimi nalipwa pole.

Miezi minane. Wawili waliobaki nikawauza milioni 1.3 wote, ikaishia kwenye deni la mashudu na dawa. Nikampigia mshauri mara ya mwisho, sio kudai, kulia tu. Unajua alisema nini? Tatizo ni mtazamo wangu, na kuna semina ya hatua ya pili, laki moja. Mungu amsamehe, mimi bado niko kwenye foleni.

Nikavaa lubega nikapanda basi Dar, nikalinda geti miaka miwili na diploma yangu mfukoni. Mwenye nyumba alikuwa ananiuliza dawa za mbwa wake, hiyo ndo ilikuwa fani.

Sasa rudi kwa yule jike wa yeyo. Hakuna aliyempangia biashara. Alizaa 2015 jike, akaendelea taratibu, huyo jike naye akaja kuzaa 2019, yani mdogo mdogo tu. Leo nina majike 13, saba ni wa tumbo lake, waliobaki nimenunua kwa mshahara na kwa faida ya duka la dawa za mifugo nililofungua baadaye. Miaka 11 kujenga kitu nilichokiuza kwa mwezi mmoja. Mtamba wetu wa asili mpaka azae ana miaka minne hivi, mimba miezi tisa, na nusu ya wanaozaliwa ni madume, piga hesabu mwenyewe, hii haihitaji projekta.

Kwa hiyo dogo: UZA DUME, JIKE HAUZWI. Tasa sawa, kizee ambaye meno yameisha sawa. Ila jike anayezaa asiguse mnada kwa ajili ya mradi wowote, uwe wa Friesian, wa bodaboda, wa kiwanja, wa nini. Mradi kama ni mzuri kweli utaanza na hela ya madume. Ukiona hautoshi kwa madume basi ni mkubwa kuliko wewe, subiri. Mnunuzi wa mnada wa Pugu, Dar, mwenyewe anataka maksai mzito, jike wako anayekupa ndama anamlipia bei ya nyama, sasa unamuuzia kiwanda kwa bei ya matofali ya nini?

Unataka damu ya kisasa? Iingie kwa dume, au kwa mrija. Uza maksai wawili watatu ununue dume mmoja mzuri wa Boran, au wale wa Mpwapwa, apande majike wako ulio nao. Au uhimilishe, yani jike apandikizwe mbegu ya dume kwa mrija, mbegu zinatoka pale kituo cha taifa Usa River na wewe si una diploma, jifunze kupandikiza upate na hela ya majirani. Ndama anazaliwa hapo hapo kwenye kupe wenu, unamchanja mapema na wenzake, nusu ya kazi ameshafanya mama yake.

Najua kuna watu watakuja hapa chini "mbona ukame uliua majike wengi tu", eti heri mtu awe na hela benki. Sawa, ule wa 2021 kuingia 2022 niliuona, Simanjiro, Longido, kwetu Kiteto, mizoga barabarani unaziba pua. Nilichofanya: mwezi wa kumi, mvua za vuli zinasuasua, nikauza madume wote wakiwa bado na nyama, nikanunua marobota ya nyasi na mashudu ya alizeti nikawapa majike. Nilipoteza wawili. Jirani yangu alisubiri madume wapande bei, akaja kuwauza ngozi.

Kuhusu kazi ya Dodoma nenda. Sio kwa ajili ya vyeo, mshahara kazi yake ni moja, mtoto akiumwa usiku au ada ikifika usiende zizini kumtazama jike kwa jicho baya. Hata laki mbili ya kumlipa mchungaji na kununua dawa ya kuogesha ikitoka kwenye mshahara tayari umeshinda wengi. Mzee wako yuko hai, waache ng'ombe kwake, nenda nyumbani kila mwezi uwahesabu kwa macho, sio kwa simu.

Uliuliza na mambo ya mkopo wa benki na jinsi ya kuandika CV, sijui na nini kingine huko mwisho, hapo wadau wengine watakusaidia, mimi kuna mteja anagonga kaunta anataka dawa ya minyoo na amekuja na mbuzi mwenyewe ndani ya duka.

Ila kitu kimoja hujaandika, na nimetafuta uzi mzima. Kati ya hao 28, majike wangapi?