Logo ya mgombea udiwani imepasuka kwenye bango, niiokoe au nirudie?

SWALI: Habari mtaalamu. Nimepewa kazi ya logo ya mgombea udiwani, ndo mara yake ya kwanza kugombea. Nimefanya Photoshop, pikseli 800 kwa 800, ina sura yake, mikono miwili imeshikana, jua linachomoza na jina kwa chini, jumla rangi tano. Kwenye simu iko poa ila jamaa wa mabango anasema akiikuza inapasuka, na wa tisheti kagoma kabisa kuichapa. Naiokoaje?

JIBU: Salama ndugu yangu. Rudia mwanzo tu, nakwambia bila kukuzungusha, maana shida ziko mbili na hiyo ya kupasuka ndo ndogo.

Tuimalize hiyo ndogo kwanza. Photoshop imehifadhi kazi yako kama vijiraba vidogo vya rangi, ndizo pikseli, umempa jamaa 800 kwa upana, akivuta mpaka upana wa mita 2 kila sentimita inabaki na pikseli 4 tu, sasa itaachaje kupasuka? Kuongeza saizi humohumo ndani hakusaidii, programu inabuni pikseli ambazo hazikuwepo na kinachotoka ni ukungu. Logo inachorwa kwa vekta, yaani mistari ambayo kompyuta inaipigia hesabu upya kila ukiikuza, tumia Illustrator au CorelDRAW, na kama leseni inakusumbua Inkscape ni ya bure na kwa kazi hii inatosha kabisa. Usije ukakimbilia kile kitufe cha kugeuza picha kuwa vekta, utapata vipande kibao vya pua na mashavu ya mheshimiwa na jamaa wa tisheti atagoma tena.

Kubwa sasa: umejaza vitu. Sura na mikono ni mambo ya bango, sio ya logo. Mtu anayegombea mara ya kwanza hajulikani, anachotaka ni mpiga kura akifika kwenye karatasi ya kura alitambue jina, kwa hiyo jina ndo logo, na liandikwe vilevile litakavyoandikwa pale, sio jina la utani la mtaani ambalo kwenye karatasi halipo.

Najua utaniletea ya Obama 2008, ile O yenye jua na mistari ya bendera iliyotoka kwa mbunifu Sol Sender na wenzake kule Chicago. Kazi tamu ile, ila Obama wakati huo ni seneta tayari na watu walishamjua toka hotuba yake ya 2004, herufi moja ikamtosha. Wa kwako akibaki na herufi moja watu watadhani ni duka. Afadhali uangalie ile ya Alexandria Ocasio-Cortez, aliyegombea Bunge la Marekani kule New York 2018, wakati huo alikuwa hajawahi kushika cheo cha kuchaguliwa, na ukiangalia bango lake picha yake ipo lakini logo yenyewe imejengwa juu ya jina, herufi nene, limepandishwa mshazari kwenda juu.

Kwa hiyo fungua faili jipya, rangi nyeusi peke yake, andika jina. Chukua fonti nene isiyo na vimkia (na soma leseni yake, fonti nyingi za bure ni bure kwa matumizi binafsi tu) halafu kaa na nafasi kati ya herufi, hapa ndo pana kazi na ndo wengi wanaparuka. Kwa herufi kubwa ukiandika TA, VA au WA mara nyingi unabaki mwanya, kwa sababu T inaning'inia juu wakati A imetanuka chini, kwenye simu huuoni ila kwenye bango jina linaonekana limekatika katikati. Halafu zikija H na I zimefuatana zinabanana. Sogeza moja moja kwa mkono, ligeuze jina kichwa chini miguu juu ili usilisome, utaona mashimo yenyewe. Jua kama mgombea kalipenda sana libaki, nusu duara moja, ila ukilifuta jina lisimame bila shida.

Rangi mbili, ukizidisha unajitafutia. Tisheti inachapwa kwa skrini, yaani fremu ya kitambaa inayopitisha wino, na kila rangi ni fremu yake, tano ni fremu tano, na sura yenye vivuli ndo kabisa, jamaa hajakukomoa. Njano juu ya nyeupe haisomeki, nyekundu juu ya kijani wapo watu macho yao hayazitofautishi. Bluu nayo ina fitina, ile kali ya kwenye kioo ikienda CMYK (wino nne za mchapaji: sayani ya bluu, majenta ya pinki, njano na nyeusi) inaweza kugeuka zambarau, wengi tunaweka majenta chini ya sayani kwa asilimia 30 au zaidi. Kama amesimamishwa na chama omba namba za rangi zao usikisie, na kabla ya kuchora bendera au nembo ya taifa soma kanuni za uchaguzi, sehemu nyingi zina masharti.

Kisha ijaribu. Ipunguze iwe saizi ya ukucha uone kama matundu ya a na e yameziba. Iweke ndani ya duara maana WhatsApp itaikata pembe, jina likiwa refu andaa toleo la pili la mistari miwili. Kwa bango, wachora mabango wanakadiria herufi ya sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali, yaani la kusomwa kutoka mita 30 herufi ziwe na kimo cha sentimita 25 hivi, na hapo ndo utaona kauli mbiu uliyoibana chini ya jina haina kazi.

Ukimaliza geuza fonti ziwe maumbo, la sivyo kompyuta ya mchapaji itaweka fonti yake. Toa PDF na SVG (hizi zinabeba vekta), PNG (hii ni picha ya kawaida) isiyo na mandhari ya nyuma, na toleo la rangi moja. Na ukituma kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inabanwa na jamaa atakupigia tena akisema imepasuka.