Pampu ichaguliwe na kisima

Kosa lililonifundisha kazi hii nililifanya kwa kutazama idadi ya mapipa peke yake. Kisima chetu cha mafuta kilikuwa kinatoa vizuri, tukataka zaidi, tukateremsha pampu ya umeme inayozama. Haikumaliza mwaka. Tulipoivuta juu, impela, yaani mapanga yanayozunguka na kusukuma mafuta, zilikuwa zimelika hadi kingo zake zikakatika kwa kidole, na njia za mafuta zimeziba kwa mchanga.

Siku hizi katalogi naifungua mwisho. Kwanza nauliza: presha ya mwamba ulioshika mafuta inashuka kwa kasi gani? Maji yanaongezeka? Kuna mchanga, kuna nta? Kisima kimenyooka au kimepinda? Halafu gesi, na hapo ndipo nakaa muda mrefu. Presha ya chini ya kisima ikishuka kupita kiwango fulani, gesi iliyoyeyuka kwenye mafuta hujitenga. Pampu ya umeme ikiimeza kwa wingi, inapoteza nguvu ya kusukuma. Mota yake hupozwa na kimiminika kinachopita ubavuni. Mtiririko ukikatika, joto linapanda na mota inaungua. Kifaa cha kutenganisha gesi husaidia, ila kina kikomo.

Kisima chenye gesi nyingi na mchanga, hasa kilichopinda, mimi hukipa gesi zaidi: inashindiliwa kutoka juu, inaingia kwenye bomba la uzalishaji kupitia vali, na safu ya mafuta inakuwa nyepesi. Chini hakuna mashine inayozunguka. Lakini ni lazima uwe na kompresa na gesi ya uhakika, na mwamba ukichoka, yaani presha yake ikiisha sana, njia hii haiwezi kuishusha presha ya chini vya kutosha. Hapo pampu ya fimbo, inayoendeshwa na fimbo ndefu zinazopanda na kushuka ndani ya bomba, inafaa, mradi kisima kimenyooka. Kikipinda, fimbo husugua bomba mpaka litoboke. Kwa mafuta mazito yenye mchanga napenda pampu ya skrubu, ambayo skrubu ya chuma huzunguka ndani ya ala ya mpira, ingawa mpira huo huvimba ukikutana na baadhi ya mafuta mepesi, na joto kali huuharibu.

Gharama ya kuitoa pampu nayo iingie kwenye hesabu, hasa baharini.

Na kabla ya kusaini oda, keti na fundi anayechukua sampuli kila asubuhi. Wa kwetu alikuwa akikuta mchanga kwenye chupa zake wiki nyingi kabla pampu haijashushwa. Hatukumuuliza.