Uliza Mwalimu: Nakesha ziwani, mwanangu nitamsaidiaje masomo?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mvuvi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Natoka nyumbani jua likizama, narudi asubuhi mtoto keshaenda shule. Akirudi yeye, mimi nimelala. Mama yake anashinda kwenye vichanja vya kuanikia dagaa. Mimi niliishia darasa la tatu, kusoma kwangu ni kwa kubabaisha. Kwenye kikao mwalimu alitusema kwamba wazazi wa mwaloni, huku boti zinakoshusha samaki, hatushirikiani na shule. Kijana yuko darasa la nne, nikimuuliza habari za shule anajibu "nzuri", basi. Na siku hizi alfajiri namkuta mwaloni na kindoo chake, anasaidia kushusha mzigo apewe dagaa. Nifanyeje? — *Mvuvi wa Kibirizi*

JIBU: Marahaba, baba. Nianze na hicho kindoo, maana kinanitisha kuliko hayo mengine yote.

Mtoto aliyeonja hela ya mwaloni hazuiwi kwa maneno matupu. Anajaza kindoo, anamuuzia mama wa kichanja cha jirani, saa mbili yuko darasani mfukoni ana elfu mbili na macho hayafunguki. Nimefundisha watoto wa huku ziwani mpaka nimestaafu, na wanaoacha shule kwetu hawaagi. Jumatatu hayupo, Alhamisi kachelewa, wiki ya mnada haonekani kabisa, mpaka siku moja jina lake linaitwa na darasa zima linajibu "yuko mwaloni". Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na hata kazi nyepesi imewekewa umri, miaka 14. Lakini wewe una njia fupi kuliko sheria. Zungumza na wenzako wa boti pamoja na tajiri wenu: huyu mtoto asipewe hata kiganja cha dagaa. Wavuvi mnasikilizana. Wote wakimnyima, atarudi kulala. Na kama alikuwa anatafuta hela ya andazi, mpe wewe, ujue ni kiasi gani.

Sasa masomo. Kukagua daftari hakuhitaji cheti. Chukua la hisabati, fungua ukurasa wa mwisho alioandika, kisha rudi nyuma taratibu ukitafuta wino mwekundu. Tiki unaijua, na alama ya kosa unaijua. Penye kosa, tafuta masahihisho: swali lile lile limeandikwa tena chini na safari hii limepata tiki. Makosa yakifuatana kurasa tatu bila masahihisho, mtoto anaachwa nyuma na darasa, na anajua. Ukikuta kurasa nyingi hazina wino mwekundu kabisa, wa kuulizwa si mtoto. Nenda kwa mwalimu, kwa adabu, na daftari mkononi. Halafu tazama tarehe. Daftari la Kiswahili likiishia wiki mbili nyuma wakati mtoto aliondoka nyumbani kila siku na sare, unajua pa kuanzia mazungumzo.

Kusoma, akusomee kwa sauti. Ukurasa mmoja unatosha. Anayerukaruka maneno utamsikia, masikio yako hayakuishia darasa la tatu. Akimaliza, funga kitabu akuhadithie alichosoma. Wapo watoto wanaosoma kama kasuku, hawajui walichokisoma. Ukimgundua wako yumo, mwambie mwalimu wake mapema, maana mwishoni mwa mwaka kuna Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, na pale maswali ya ufahamu hayapiti kwa kukariri.

Hesabu mwachie mama yake. Jioni, wakati wa kufunga biashara: tumeuza sado saba, zile ndoo ndogo za kupimia, kila moja kwa 9,000, mteja katoa noti saba za elfu kumi, tumrudishie ngapi? Aandike chini, asikisie.

Na "habari za shule" ni salamu, ndiyo maana anakujibu kisalamu. Muulize nani aliitwa ubaoni leo, au swali gani liliwashinda darasa zima.

Muda unao, baba, usinidanganye. Mbalamwezi ikiwaka hamvui, dagaa hawafuati taa zenu za kuvulia. Siku hizo unalala nyumbani kila mwezi, basi siku yake ya kwanza iwe ya shule. Nenda bila kuitwa. Muulize mwalimu wa darasa mambo mawili tu, anasomaje na mahudhurio yake yakoje, kisha uage. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, akina baba mlijaa vibarazani. Nilipita shule moja kabla ya likizo ya Juni, waliokuja kuulizia watoto ni akina mama walewale wa siku zote. Mlikuwa mnacheza bao.

Lakini na walimu wenzangu niwaseme kidogo. Kikao kikiitwa siku za giza, zisizo na mbalamwezi, mvuvi aje saa ngapi? Nawe baba, shule yenu ikiwa na Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWAWA, mtafute mwakilishi wa darasa la mwanao, aombe vikao viwekwe siku za mbalamwezi. Hiyo haigharimu hata shilingi.

SWALI: Mwalimu, mwanangu yuko darasa la pili, wenzake wote wanaenda twisheni jioni. Nimtafutie na mimi hela? — *Mama wa Ujiji*

JIBU: Mama, kwanza kamuulize mwalimu wa darasa anapungukiwa nini: kusoma, kuandika au kuhesabu. Akikutajia kitu mahususi, na hela ipo, mpeleke kwa hicho tu. Akikwambia "wote wanakuja", mwache acheze, ale, alale mapema. Ana miaka minane. Ila ukisikia kwamba kinachofundishwa twisheni ndicho kilichopaswa kufundishwa darasani asubuhi, na mwalimu ni yule yule, usigombane naye mlangoni. Mwone mwalimu mkuu, na asipokusikia, mwenyekiti wa kamati ya shule. Nenda na mzazi mwenzio mmoja au wawili.