Mtandao unakatika na kurudi: maswali yenu na majibu

Barua nyingi za mwezi huu zina kilio kimoja: mtandao wa nyumbani unakatika, unarudi, unakatika tena. Ukizima moja kwa moja mtu anajua la kufanya, anapiga simu. Huu wa kuja na kuondoka ndio unaochosha, maana fundi akifika anaukuta umerudi. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu nyingine zote zinaegemea hapo.

Mwalimu, Morogoro: *Fundi, nina faiba nyumbani. Jioni nikiwa kwenye kikao cha mtandaoni, mtandao unakata dakika mbili tatu halafu unarudi wenyewe. Huduma kwa wateja wananiambia laini yangu iko sawa, nizime ruta niwashe. Nimezima na kuwasha mpaka nimechoka. Nani anasema kweli?*

Mwalimu, inawezekana kabisa nyote wawili mnasema kweli. Yule anayepokea simu anaona kipande kimoja tu cha njia: kuanzia kwao hadi kwenye kiboksi ulichofungiwa ukutani. Kutoka kwenye kiboksi hadi kwenye kompyuta yako haoni kitu. Kwa hiyo kabla ya kubishana naye, tafuta njia imekatikia wapi. Kazi hiyo unaiweza mwenyewe.

Ukikata tena, usiguse ruta. Tazama simu yako. Kama alama ya Waifai imetoweka, tatizo limo ndani ya nyumba, kati ya simu na ruta. Kama alama ipo lakini simu inakwambia umeunganishwa ila hakuna intaneti, nenda katazame taa za kiboksi cha faiba. Taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mwanga wa faiba haufiki kwako. Taa zote zikiwa zinaanza kuwaka moja moja kama kifaa kimewashwa sasa hivi, basi kilizimika, na hapo mtuhumiwa ni umeme au adapta.

Kipimo cha uhakika zaidi kinahitaji kompyuta. Kwenye Windows fungua dirisha la kuandikia amri, uandike ping -t 192.168.1.1, amri inayoiuliza ruta tena na tena kama ipo (anwani ya ruta yako imeandikwa kwenye kibandiko chini yake, si zote zinafanana). Fungua dirisha la pili, uandike ping -t 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google iliyoko nje ya nyumba yako na nje ya kampuni yako. Yaache madirisha yote mawili yakimbie jioni nzima.

Mtandao ukikata, soma. Ruta inajibu lakini nje kimya: hiyo ni laini au kampuni, na una haki ya kudai. Yote mawili kimya: unganisha kompyuta na ruta kwa waya, urudie. Kwa waya ikatulia, ugonjwa ni Waifai. Kwa waya nako ikakata, ruta yenyewe inaganda au inajizima. Na kama yote mawili yanajibu lakini kurasa hazifunguki, kilichokwama ni DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ingiza 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwenye mpangilio wa DNS wa ruta, mara nyingi linaisha hapo.

Halafu andika. Wewe umezoea kitabu cha mahudhurio, fungua kingine kama hicho: tarehe, saa iliyokata, saa iliyorudi, taa ipi ilikuwaje, mvua ilikuwepo au la. Wiki moja inatosha. Ukiwasomea huduma kwa wateja kwamba Jumanne saa 2:14 usiku ruta ilikuwa inajibu na taa ya LOS ikawa nyekundu kwa dakika tatu, maongezi yanabadilika. Hii ndiyo sababu nakuomba usizime ruta ovyo. Ruta nyingi zina kumbukumbu ya matukio ndani yake, na nyingi kati ya hizo huifuta zikizimwa. Unafuta ushahidi wako mwenyewe.

Mama, Kimara, Dar es Salaam: *Mtandao ulikuwa unakatika chumbani kwa watoto, nikashauriwa nipande kifurushi kutoka Mbps 10 hadi 20. Nimelipa mwezi wa tatu sasa, chumbani bado ni vilevile.*

Mama yangu, barua hii imeniuma, maana naikuta kila mahali. Kifurushi kikubwa ni bomba pana zaidi kutoka barabarani hadi sebuleni. Hakiongezi hata hatua moja ya umbali ambao Waifai inafika. Kama sebuleni karibu na ruta hakukatiki, rudi kwenye kifurushi chako cha zamani mwezi ujao na hiyo tofauti itumie kwa ninayokwambia hapa.

Ruta iko wapi? Nabashiri iko nyuma ya televisheni au ndani ya kabati, kwa sababu mafundi wengi huiacha pale waya ulipoingilia. Itoe. Iweke juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba. Ukuta wa tofali hupunguza mawimbi, zege lenye nondo hupunguza zaidi, na chuma na maji ndivyo vibaya kuliko vyote: friji, simtanki, hata kioo kikubwa cha kabati la nguo, maana nyuma yake kimepakwa madini.

Kisha tazama masafa. Ruta nyingi za sasa zinatoa mitandao miwili, wa gigahezi 2.4 na wa gigahezi 5. Ule wa 5 una kasi lakini huchoka haraka ukutani. Simu ya mtoto hung'ang'ania wa 5 mpaka unapokufa, ndipo inahamia wa 2.4, na hapo katikati ndipo mnaposema umekatika. Ipe mitandao hiyo majina mawili tofauti, chumbani watumie wa 2.4 peke yake.

Ila huo wa 2.4 nao una msongamano, hasa kwenye nyumba zilizobanana kama za kwetu. Chaneli zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Pakua programu ya kupima Waifai kwenye simu, uone majirani wamejaa wapi, uhamie kwingine. Maikrowevu nayo hufanya kazi kwenye masafa hayohayo, kwa hiyo kama chumbani kunakatika wakati chakula kinapashwa jikoni, umeshapata jibu.

Yote hayo yakishindikana, nunua kifaa cha pili cha Waifai, ukifikishie waya kutoka kwenye ruta. Vile vinavyochomekwa ukutani kurudia mawimbi vinasaidia, lakini watu huvichomeka palepale ambapo mtandao umekwisha. Kifaa hakiwezi kurudia kisichokisikia. Kiweke nusu ya njia.

Mwenye saiba, Nakuru: *Wateja wanakuja kujaza fomu za KRA na eCitizen, halafu katikati ya kazi taa nyekundu ya LOS inawaka. Baada ya muda inazima. Nimegundua ni mara nyingi nikifungua mlango wa nyuma wa duka. Ni bahati mbaya ama?*

Hapana ndugu, umeshalikamata tatizo kwa macho yako. Fuata kebo ya faiba kutoka kwenye kiboksi hadi nje, na uangalie kwa makini inapopita karibu na mlango huo. Ndani yake kuna uzi wa kioo ambao kiini chake ni mikromita 9, chembamba mara kadhaa kuliko unywele wako. Waya wa shaba ukiukunja unaendelea kupitisha umeme. Uzi wa kioo ukikunjwa kwa nguvu unavujisha mwanga pale kwenye kona, na mlango ukiubana unavujisha zaidi.

Mimi hili limenipata nyumbani. Kebo ilipitishwa kwenye pembe ya dirisha, na kila tulipofunga dirisha usiku mtandao ulianza kuyumba. Nilinunua ruta mpya kabla sijafikiria kufuata waya. Tangu hapo kufuata waya kwangu ni jambo la kwanza.

Kebo usiizungushe kwenye msumari, usiibane kwa vibanio vya waya wa stima, na ile inayobaki ikunje kwa duara kubwa kama la sahani. Ukichomoa kichwa chake usichungulie ndani, maana mwanga wake hauonekani na unaweza kudhuru jicho. Kichwa hicho pia usikiguse kwa kidole, mafuta ya ngozi yanatosha kuuziba.

Fundi wa kampuni akija, mwombe apime nguvu ya mwanga mbele yako, mlango ukiwa umefungwa kisha ukiwa wazi. Kipimo kikisoma hasi 20 hivi, hali ni nzuri. Kikikaribia hasi 27, uko ukingoni, na kitu kidogo tu kitakuangusha. Namba hizo mbili ziandike, zina nguvu kuliko malalamiko.

Kijana wa Ukonga: *Shikamoo fundi. Natumia ruta ya laini ya simu, 4G. Mchana safi, lakini kuanzia saa mbili usiku hadi saa tano inakata kila mara. Asubuhi imerudi.*

Marahaba kijana wangu. Saa hizo watu wamerudi kazini, kila nyumba ina mtu anaangalia video, na nyote mmeelemea mnara mmoja. Mnara ukizidiwa, wa kwanza kutupwa ni wale ambao mawimbi yao ni dhaifu. Watu huwezi kuwapunguza, ila unaweza kuacha kuwa miongoni mwa dhaifu.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta yako, tafuta namba inayoitwa RSRP, ndiyo nguvu ya mawimbi unayopata kutoka mnarani. Ni namba hasi: kwenye hasi 80 uko vizuri, ukishuka chini ya hasi 110 unaning'inia. Hamisha ruta dirisha kwa dirisha, ukisubiri dakika chache kila mahali na kuandika namba. Paa la bati na madirisha yenye nondo yanazuia sana, na hatua mbili tu zinaweza kuleta tofauti kubwa. Kisha kwenye mpangilio iamuru ibaki 4G peke yake, kwa sababu ruta inayorukaruka kati ya 4G na 3G hukata kila inaporuka. Na kabla hujanunua antena ya nje, azima laini ya kampuni nyingine kwa usiku mmoja, kama ruta yako inazikubali. Huenda mnara wao una nafasi.

Dada mwenye nyumba ya wageni, Zanzibar: *Assalaam aleikum. Umeme ukicheza kidogo tu, hata taa hazizimi, ruta inazima na kuwaka upya. Wageni wanalalamika.*

Waalaikum salaam dada yangu. Taa na feni zinavumilia kupepesa kwa umeme, ruta haivumilii. Ikizima inahitaji dakika kadhaa kujiunga upya, kwa hiyo kosa la nusu sekunde wageni wanalihisi kama kukatika kwa muda mrefu.

Nunua UPS ndogo ya ruta, ile yenye betri inayotoa umeme wa volti chache moja kwa moja kwenye ruta. Soma adapta yako kwanza: volti lazima zilingane kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi. Ruta ya volti 12 na ampea 1 inahitaji wati 12 kwa wingi, si mzigo mkubwa. Na kumbuka kukipa umeme kiboksi cha faiba pia, wengi wanasahau. Uzuri wa faiba ya majumbani ni kwamba vigawanyio vya mwanga vilivyoko mtaani havitumii umeme kabisa, kwa hiyo mtaa wote unaweza kuwa giza na wewe ukaendelea, mradi kituo cha kampuni kina jenereta.

Ruta ikiendelea kujizima hata kwenye UPS, ishuku ruta yenyewe au joto. Ishike: kama mkono hauvumilii, ipe hewa.

Mkulima, Kitale: *Dishi langu la Starlink linakata sekunde chache, kila baada ya dakika kadhaa. Mbingu haina wingu.*

Tafuta mti. Setelaiti hizo ziko kilomita 550 hivi juu na zinakimbia, hivyo dishi linahama kutoka moja hadi nyingine muda wote. Kila moja ikipita nyuma ya parachichi lako au tangi la maji, unakatika. Programu yake ina ramani ya vizuizi: ipe saa kadhaa, kisha hamishia dishi juu ya paa. Mvua kubwa nayo hukata, lakini hiyo hupita.

Msomaji, Arusha: *Nitajuaje kama tatizo ni langu au ni mikongo ya baharini kama ule mwaka?*

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM, yaani kebo za mtandao zinazopita chini ya bahari, ilikatika upande wa kusini, na Tanzania, Kenya na majirani wakaumia kwa pamoja. Dalili yake ndiyo hiyo: waliathirika wateja wa kampuni mbalimbali. Kwa hiyo washa data ya simu ya kampuni nyingine. Ikiwa nayo inasuasua na majirani wanasema hivyohivyo, tulia, ruta yako haina kosa. Lakini mkongo ukikatika hali hiyo hudumu saa nyingi au siku. Mtandao unaopotea dakika mbili na kurudi, tafuta karibu na nyumbani.

Baba, Mbeya: *Nimefanya yote, nimeandika kila kitu, ni laini yao. Wanaahidi fundi, haji. Nifanyeje?*

Kila ukipiga simu, dai namba ya malalamiko na uiandike pembeni ya tarehe kwenye kile kitabu. Kisha waandikie barua pepe, ambatanisha orodha yako yote, uwape muda wa kujibu. Wakinyamaza au wasiporekebisha, peleka shauri TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Wao huuliza kwanza kama ulianza kwa mtoa huduma wako, ndiyo maana namba hizo ni muhimu. Wasomaji wa Kenya, mlango wenu ni Mamlaka ya Mawasiliano, na utaratibu unafanana. Omba pia urudishiwe fedha za siku ambazo hukupata huduma, ukizitaja siku zenyewe moja moja.