Jibu: Kutoka chaki hadi sera za elimu

Dada, umeuliza kama mwalimu wa shule ya msingi huko Arua, Uganda, anaweza kuingia kazi ya sera bila shahada ya pili. Anaweza. UPE, mpango wa elimu ya msingi bila ada, ilipoanza 1997 madarasa yalifurika. Wewe umeyafundisha, afisa wa Kampala ameyasoma kwenye ripoti tu.

Anza kwa kujitolea na shirika la Uwezo, wanaopita nyumba kwa nyumba kupima kusoma na kuhesabu. Huko utajifunza takwimu zinavyozaliwa. Halafu andika ukurasa mmoja kuhusu tatizo moja, umsomee mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Asipoelewa, andika upya (mimi niliandika mara nne!), ndipo uende redioni.

Uongozi wa shirika uache kwanza. Sehemu kubwa ni kuomba fedha za wafadhili.